UZI: Magari ya zamani na picha za mbio kama kazi ya maisha, kuanzia hapa Lubumbashi

Katuba404

Wandugu, jambo sana. Naufungua uzi huu kwa sababu swali ni lilelile: mtu anapenda magari ya zamani, anapenda kamera, anataka kujua kama vitu hivi viwili vinaweza kumlisha miaka thelathini au arobaini. Vinaweza, lakini si kwa kuuza picha nzuri peke yake. Kinacholipwa muda mrefu ni picha inayolijua gari: modeli gani, motere (injini) gani, namba ya shasi gani, nani alikuwa kwenye usukani, tarehe gani, barabara gani. Asiyejua gari anashindana na kila mwenye simu. Anayejua gari anaitwa na mwenye gari, na fundi, na mnunuzi aliye mbali, na gazeti.

Kazi ya kwanza inayoleta pesa ya kila mwezi si mbio. Ni faili la gari. Mtu ana Land Cruiser FJ40, ana Kobe ya Volkswagen (Beetle), ana Peugeot 404, anataka kuuza, kurithisha au kuanza kuitengeneza. Anahitaji picha 40 hadi 60 ambazo mtu wa mbali akiziona hana swali lililobaki.

Mpangilio wake: pembe nne za robo tatu (ncha moja ya gari na ubavu kwa pamoja), pande mbili, mbele, nyuma. Kisha dashibodi, kilomita, viti, ndani ya milango, buti, tairi la akiba. Motere kutoka pande mbili na kutoka juu. Halafu chini ya gari: shasi, vizingiti vya milango, sakafu. Kutu ipigwe picha kama inavyoonekana, na kando yake weka rula au sarafu ili ukubwa ujulikane. Picha inayoficha kutu inakupa pesa mara moja na kukufungia mlango daima.

Namba ndizo roho ya faili. Kwa Kobe, namba ya shasi imegongwa kwenye handaki la katikati, chini ya kiti cha nyuma, na namba ya motere iko chini ya mguu wa dinamo. Kwa FJ40 tafuta upande wa kulia, mbele, kwenye mhimili wa shasi, ulinganishe na kibao kilicho kwenye ukuta wa motere. Usisugue namba kwa msasa hata kidogo: ukiondoa chuma, mnunuzi atadhani namba imeghushiwa. Osha kwa esanse (petroli) kidogo na brashi ya nailoni, subiri ikauke kabisa, kisha weka tochi pembeni, karibu kulala juu ya chuma, mwanga upite juu ya herufi. Mwanga wa mbele unafuta namba, mwanga wa pembeni unaisomesha.

Kwa picha za nje: lenzi ya milimita 85 hadi 135, simama mbali, kamera iwe kwenye urefu wa taa za mbele. Simu ya pembe pana ukisogea karibu inafanya pua ya gari kuwa kubwa na nyuma kuwa ndogo, na mwenye gari ataona kuna kitu kibaya hata asipoweza kukitaja. Geuza magurudumu ya mbele ili rimu ikutazame, si meno ya tairi. Mstari wa upeo usikate paa. Filta ya polaraiza, ile inayokata mng'ao, izungushe mara mbili: picha moja kwa ajili ya kioo cha mbele, nyingine kwa ajili ya ubavu, maana pembe inayosafisha kioo siyo inayosafisha rangi.

Wengine waendelee. Naomba mafundi wa motere waseme la kwao.

---

DelkoLikasi

Yaya Katuba, umeanza vizuri. Naongeza upande wa motere, kwa sababu mpiga picha asiyejua kuiweka sawa gari ya zamani atapoteza saa nzima ya mwanga mzuri akisubiri fundi.

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko pwani. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa esanse karibu kama ya pwani, mchanganyiko unanenepa kwa takriban asilimia 6. Matokeo: bujii (plagi) nyeusi zenye masizi makavu, silensa inatoa moshi, gari linatetemeka likisimama. Dawa ni kushusha jikleri kubwa (tundu linalopima esanse) kwa asilimia 3 ya kipenyo. Kama ina namba 130, jaribu 127.5, na kama bujii bado ni nyeusi nenda 125. Usishuke zaidi bila kusoma bujii: endesha kilomita 10 kwa mzigo, zima motere ukiwa kwenye mwendo, toa bujii. Rangi ya kahawia ya udongo mkavu ni nzuri. Nyeupe maana yake mchanganyiko ni mwembamba, na vali za kutolea moshi zitaungua.

Kabla ya kugusa kabureta, hakikisha vali na platine (vipande vinavyokata umeme wa bujii). Kila mtu anakimbilia kabureta kwa sababu ina visi za kugeuza, na nusu ya matatizo "ya kabureta" yanatoka kwenye delko (kigawa moto wa bujii). Kobe: vali 0.15 mm, motere ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Platine 0.4 mm. Mafuta lita 2.5 tu, ndiyo maana yanachafuka haraka. Kwa vumbi letu la kiangazi badilisha kila kilomita 2,500. Motere ya 2F ya Land Cruiser: vali hupimwa motere ikiwa moto, 0.20 kwa ya kuingiza na 0.35 kwa ya kutoa, platine 0.45. Mpangilio wa moto wa 2F ni 1-5-3-6-2-4, wa Kobe ni 1-4-3-2. Andika kwenye karatasi ubandike ndani ya boneti, maana anayetoa waya za bujii zote kwa pamoja ili "kusafisha kwa ajili ya picha" ndiye anayeishia kuisukuma gari.

Filta ya hewa ya bakuli la mafuta: fungua, ukiona tope kwenye sakafu ya bakuli, mwaga, osha kwa mazutu (dizeli), jaza mafuta mapya hadi mstari. Usipitishe mstari. Mafuta yakizidi yanavutwa na motere, utaona moshi wa buluu na utaanza kulaumu pete za pistoni zisizo na kosa.

Sasa linalohusu picha moja kwa moja: esanse kuchemka ndani ya bomba. Gari limefika, mpiga picha anasema "liache liwake kidogo", dakika kumi jua likiwa kali, hakuna upepo kwenye radiatere. Bomba la esanse linalopita karibu na silensa linapata moto, esanse inageuka mvuke, pompi inasukuma hewa tu. Motere inazima na haiwaki. Kwenye mwinuko inakuwa mbaya zaidi kwa sababu kimiminika huchemka mapema pale ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo. Zima motere kati ya picha na picha, fungua boneti. Ikishazima, funga kitambaa chenye maji kwenye pompi na bomba, subiri dakika 15. Dawa ya kudumu ni kuhamisha bomba mbali na silensa na kuweka kipande cha kuzuia joto chini ya kabureta.

Land Cruiser BJ40 ya mazutu ina shida nyingine. Motere haina turbo, pompi imepimwa kwa hewa ya pwani, kwa hiyo hapa inatoa moshi mweusi ukikanyaga. Moshi mweusi ni mazutu mengi au hewa chache. Wa buluu ni mafuta ya motere. Mweupe usioisha baada ya motere kupata moto ni maji au mazutu yasiyoungua. Mpiga picha akijua rangi hizi anamwambia mwenye gari jambo la maana, na hapo ndipo anapoanza kuaminiwa.

---

kijana_ruashi

Asanti sana wakubwa. Swali: mtu anayeanza anunue kamera gani ya mkono wa pili? Na je, kuna haja ya lenzi mbili?

---

MamaLenzi_Kamalondo

Mwanangu, nunua mwili wa kawaida na lenzi nzuri, usifanye kinyume. Kwa mbio unahitaji vitu vitatu: fokasi inayofuata bila kupotea, picha nyingi kwa sekunde, na nafasi mbili za kadi. Canon 7D Mark II ya 2014 inapiga picha 10 kwa sekunde na shata yake (pazia linaloingiza mwanga) imepimwa kwa mara 200,000. Nikon D7200 ya 2015 ina megapikseli 24, shata imepimwa kwa 150,000. Zote zina nafasi mbili za kadi. Hizi ni za zamani lakini hakuna mteja atakayekuuliza.

Lenzi ya kwanza: 70-200 (milimita), hata ile ya f/4 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa kubwa tundu ni dogo), ni nyepesi na inatosha kwa mwanga wetu. Ya pili: 24-70 au 18-55 uliyo nayo, kwa garaje na dashibodi. Lenzi mbili zatosha miaka mitano.

Kabla ya kulipa: uliza hesabu ya shata. Piga anga kwa f/16 na lenzi ikiwa nje ya fokasi, uikuze picha, utaona madoa ya vumbi kwenye sensa. Madoa yanayosafishika si tatizo, mikwaruzo ni tatizo. Angaza tochi kutoka nyuma ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando, hiyo ni kuvu, achana nayo, maana ikishakula kioo haisafishiki. Kisha funga fokasi kwenye gari linalopita barabarani, piga ishirini mfululizo, hesabu zilizo kali. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ana sababu.

---

MamaLenzi_Kamalondo

Narudi na mbinu ya kufuata gari, maana ndiyo inayotofautisha mpiga picha wa mbio na mpita njia. Chukueni kalamu.

Gari kwenye kilomita 80 kwa saa linatembea mita 22 kwa sekunde. Tairi la kawaida lina mzunguko wa mita mbili hivi, kwa hiyo linazunguka mara 11 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde, tairi limegeuka nyuzi 4 tu: gari linaonekana limeegeshwa kwenye vumbi. Kwa 1/125 limegeuka nyuzi 32, spoku zimeanza kuyeyuka. Kwa 1/60 ni nyuzi 66, rimu imekuwa sahani ya mwanga na nyuma yote ni mistari. Hapo ndipo kasi inaonekana. Lakini kwa 1/60 gari limesogea sentimita 37 wakati shata iko wazi, kwa hiyo mkono wako lazima utembee nalo sawasawa.

Hatua zake. Miguu ielekee mahali utakapobonyeza, si mahali gari linapotokea. Geuza kiuno kulipokea gari, likija unafunguka kama chemchemi kurudi kwenye mkao wako wa asili, na pale katikati ndipo mwili umetulia zaidi. Viwiko vishike mbavu. Fokasi endelevu, nukta moja au kundi dogo la nukta, iweke kwenye mlango wa dereva au kwenye namba ya gari, si kwenye taa. Kitulizaji cha lenzi kiwe kwenye hali ya pili ili kitulize juu-chini tu. Kisipokuwa na hali hiyo, kizime. Anza kufuata mapema, sekunde mbili kabla. Bonyeza kwa mpigo wa picha nne au tano. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaharibu, endelea kufuata baada ya shata kufungwa. Ukisimama unapobonyeza, picha ya mwisho siku zote itatikisika.

Anza na 1/250, shuka 1/125, na baadaye 1/60. Kwa 1/60 tarajia kuwa picha moja kati ya kumi ndiyo nzuri.

Tatizo la jua letu: kwenye ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na jua kali, 1/60 inakulazimisha f/20. Kwenye f/20 kila punje ya vumbi kwenye sensa inaonekana kama doa na kioo kinapoteza ukali. Nunua filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Inakata stopu tatu (kila stopu ni nusu ya mwanga), unarudi f/7.1. Hiyo filta ndogo ina faida kuliko lenzi ya bei mara kumi.

---

KasapaVumbi

Mama, heshima yako. Kwenye 1/60 sikubaliani kwa kona. Gari linalopinda halina ubavu mmoja: pua inakuja kwako, mkia unaenda pembeni, kila sehemu ina kasi yake kwenye fremu. Kwa 1/60 mlango utakuwa mkali na taa zitakuwa ukungu. Kwenye kona baki 1/250 au 1/320. Hizo 1/60 ni za mahali barabara imenyooka na gari linapita mbele yako sambamba.

Kuhusu mahali pa kusimama wakati wa kiangazi: hapa kwetu kuanzia Mei hadi Septemba upepo unatoka kusini-mashariki. Jua la Juni na Julai mchana liko upande wa kaskazini, na linazama kaskazini-magharibi. Kwa hiyo ukisimama upande wa kusini-mashariki wa barabara jioni, unapata mambo mawili kwa pamoja: upepo unalisukuma vumbi mbali nawe, na jua liko nyuma ya lile vumbi. Vumbi jekundu linawaka lote. Ongeza mwanga kwa stopu moja, la sivyo kamera itadanganywa na ule mwangaza na gari litakuwa jeusi. Asubuhi mahali hapohapo mwanga unatoka kaskazini-mashariki, unaingia kwa pembeni, unafaa kwa rangi na maandishi ya gari.

Ukisimama upande wa kinyume utapiga gari la kwanza tu. La pili linakuja ndani ya wingu, na siku isiyo na upepo vumbi la laterite (udongo wetu mwekundu) linaning'inia dakika kadhaa.

---

MamaLenzi_Kamalondo

Kwa kona uko sawa kabisa, Kasapa, 1/250 kwenda juu. Hesabu zangu zilikuwa za barabara iliyonyooka.

---

LavaGoma

Salamu kutoka Goma. Ongezeni hili kwa anayefanya kazi huku kwetu: vumbi letu si laterite. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa, na chembe zake zina makali. Ukifuta lenzi kwa kitambaa kabla ya kupuliza, unaisugua kwa msasa. Utaratibu: pulizia kwa pampu ya mkono, kamera ikitazama chini. Brashi laini. Puliza tena. Ndipo kitambaa chenye tone la dawa, kwa kuzunguka kutoka katikati. Usipulize kwa mdomo, mate yanabaki. Usitumie hewa ya kompresa ya garaje, ina maji na mafuta ndani.

Usibadilishe lenzi kando ya barabara. Kama una miili miwili, kila mmoja ubaki na lenzi yake siku nzima. Kama una mmoja, badilisha ndani ya gari, vioo vimefungwa, feni imezimwa, kamera ikitazama chini.

Hali hiyohiyo kwa rangi ya gari. Gari la zamani lililofunikwa na vumbi la lava lisipanguswe kavu kabla ya picha, hata kwa kitambaa laini. Maji mengi kwanza, bila kugusa, kisha sifongo.

---

RuziziPicha (Bukavu)

Bukavu adui ni unyevu. Kuvu huanza kwenye lenzi unyevu unapokaa juu ya asilimia 60 au 65 kwa majuma, hasa ndani ya begi la ngozi lililofungwa gizani. Chukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, weka kipimo kidogo cha unyevu na gramu 200 za silika (chembe zinazonyonya unyevu). Shikilia kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka rangi imeshiba: iweke kwenye jiko la mikate kwa nyuzi 120, saa mbili, inarudi kazini. Usitumie mchele, unaleta unga na wadudu.

Negativu pia. Zitoe kwenye mifuko ya PVC, inatoa asidi na kunata. Polipropilini au poliesta ndiyo salama. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, zile filamu zimeanza kuoza. Zitenge siku hiyohiyo na nyingine, maana ile asidi inaharakisha uozo wa jirani zake, kisha zinakiliwe kabla ya zote.

---

kijana_ruashi

Mama Lenzi, na usalama? Kwenye mbio za Zambia watu wanasimama popote.

---

DelkoLikasi

Najibu mimi, kwa upande wa gari. Kijana, gari linalopoteza njia kwenye kona linaenda nje ya kona. Halafu linapokatwa na tuta linarudi ndani. Kwa hiyo nje ya kona hapana, kamwe. Ndani kabisa, kwenye ncha, hapana: madereva wanakata kona na mawe yanaruka. Njia ya dharura iliyo mbele ya kona, yaani pale barabara ingeendelea kama isingepinda, ndiyo mahali pa kifo. Baada ya tuta la kurusha gari, usisimame upande wowote, gari likitua vibaya linachagua lenyewe.

Simama juu na nyuma: ukingo ulio mita mbili au zaidi juu ya barabara, na njia ya kukimbia nyuma yako ambayo umeipitia kwa miguu ukajua haina shimo. Mti mwembamba haukukingi. Usikae chini, usipige magoti, usilale kwa ajili ya pembe nzuri. Jicho moja nje ya kamera. Mfuko usiwe kati ya miguu yako.

Magari ya usalama yenye 000, 00 na 0 yakishapita, barabara haivukwi tena. Gari la kwanza likipita, usidhani la pili litakuja baada ya muda uleule, na usivuke mpaka gari la kufunga lipite. Mrashali (msimamizi wa barabara) akisema toka, toka bila kubishana, hata kama mwanga ndio unaanza.

Jambo la motere: gari la zamani lenye freni za ngoma linashuka mlima likiwa limepoteza freni kwa joto. Chini ya mteremko mrefu ongeza umbali wako mara mbili.

---

Katuba404

Tuje kwenye hifadhi, kwa sababu hii ndiyo pensheni. Picha ya mbio inauzwa wiki ile, kisha inalala miaka ishirini, kisha inaamka: mtu amenunua lile gari, anatafuta ushahidi kwamba ni lenyewe. Ikiwa huwezi kuipata kwa dakika tano, huna hifadhi, una rundo la kadi.

Jina la faili: mwaka-mwezi-siku, mahali, gari, namba ya mfululizo. Mfano 2024-07-14_LSHI_FJ40_0032. Ndani ya faili andika maelezo: modeli, mwaka, namba ya mbio, dereva na msaidizi, hatua, na jina lako. Maelezo yaandikwe jioni ileile. Namba za mbio zinabadilishwa kila shindano, kwa hiyo piga picha ya orodha ya washiriki iliyobandikwa kabla ya kuanza.

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Umeme ukikatika diski ikiandika, faili zinaharibika bila kukuambia, kwa hiyo diski zako zipitie betri ya akiba, na baada ya kunakili linganisha idadi na ukubwa kabla ya kufuta kadi.

Negativu za zamani, za wazee waliopiga hapa tangu enzi za Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), zinakuja kwenu kila mara. Msinunue skana ya bei kubwa. Kamera ya megapikseli 24 na lenzi ya makro ya 1:1 inatosha: fremu ya 24×36 ikisomwa kwa nukta 4,000 kwa inchi inatoa megapikseli 21 hivi. Bamba la mwanga lenye CRI (kipimo cha ukweli wa rangi) ya 95 kwenda juu. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa filamu, tazama kupitia kamera: lenzi ikijiona katikati kabisa, kamera imesimama sawa. f/8, ISO 100, shata kwa kipima muda ili isitikisike, chumba kiwe giza. Puliza kila kipande kabla. Faili ghafi (RAW, kama ilivyotoka kwenye kamera) ibaki kama ilivyo, geuza rangi kwenye nakala.

Na usiondoe mbonyeo wala namba ya zamani kwa programu. Mbonyeo ule ndio unaothibitisha gari.

---

KasapaVumbi

Hapo kwenye maelezo historia ni lazima. Mteja wa Peugeot 404 anataka kusikia Safari, ile rali ya Afrika Mashariki. 404 iliishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwandishi anayeandika "404 za Nowicki" chini ya picha zote nne anajimaliza.

---

DelkoLikasi

Kamili: 1963 na 1968 ni Nick Nowicki na Paddy Cliff. 1966 na 1967 ni Bert Shankland na Chris Rothwell. Mwaka 1963 na tena 1968 magari saba tu yalifika mwisho. Na kwa wenye Kobe: mwaka 1962 Volkswagen ilishinda na Tommy Fjastad. Mbio zenyewe zilianza 1953, zikaingia ubingwa wa dunia 1973, zikatoka baada ya 2002, zikarudi 2021. Kwa majirani zetu wa Zambia mjue jina la Satwant Singh, bingwa wa Afrika mara nane.

---

kijana_ruashi

Na bei, wakubwa? Mtu anaombaje pesa bila kupunjwa?

---

MamaLenzi_Kamalondo

Mwanangu, usiuze picha, uza ruhusa. Karatasi moja, mistari sita: picha zipi, zitatumika wapi, muda gani, nchi gani, jina lako liandikwe vipi, bei. Mwenye gari akitaka kuzitundika sebuleni, hiyo ni bei moja. Akitaka kuziweka kwenye tangazo la kuuza gari, nyingine. Kampuni ya mafuta au ya matairi ikitaka kuzitumia kwenye bango, ni nyingine kabisa, na muda uandikwe: miezi sita, mwaka. Nusu kabla ya kazi, nusu kabla ya kukabidhi faili kubwa. Faili ghafi haitoki.

Kwa faili la gari, hesabu siku nzima: saa mbili za kuosha na kuandaa, saa mbili za mwanga, siku nyingine ya kuchagua na kuandika namba. Wengi wanatoza zile saa mbili za mwanga tu, ndiyo maana wanaacha kazi mwaka wa tatu. Chapa ya A3 inahitaji pikseli 3,508 kwa 4,961, kwa hiyo ukikata picha ya megapikseli 20 kwa nusu usiahidi A3.

Miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, hakuna vumbi na mbio ni chache. Huo ndio wakati wa garaje: kufuata gari moja linalotengenezwa, wiki kwa wiki, kutoka tolieri (fundi wa bati) hadi rangi. Simamisha kamera mahali palepale kila safari, weka alama ya rangi sakafuni kwa miguu ya tripodi, lenzi ileile, urefu uleule. Mwenye gari anapata ushahidi wa kila franga aliyotumia, fundi anapata kitabu cha kazi yake.

---

kijana_ruashi

Asanti mama. La mwisho: nikivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa na vifaa kwenda kwenye rali, nini kisisahaulike?

---

KasapaVumbi

Orodha ya vifaa, na namba ya kila mwili na kila lenzi, ipigwe muhuri wa forodha wakati wa kutoka. Bila hiyo, ukirudi unaweza kuambiwa umenunua huko na ulipe ushuru. Nakala tatu: moja kwako, moja ndani ya begi la lenzi, moja kwenye simu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Barua ya waandaaji inayokutaja kama mpiga picha, na kizibao chao, uombe mapema kwa sababu vinagawanywa kwa hesabu. Betri za lithiamu zikae kwenye begi la mkononi, ncha zimefunikwa kwa utepe wa kunata. Kumbuka pia wao wanaendesha kushoto: magari yao yana usukani kulia, kwa hiyo ukitaka uso wa dereva, simama upande wa kulia wa gari lenyewe, ulipo mlango wa dereva, linapokuja, tofauti na ulivyozoea hapa.

---

DelkoLikasi

Na kama unavuka na gari ya zamani yenyewe: mkanda wa feni wa akiba, platine na kondensa mpya, bujii mbili, mita moja ya bomba la esanse na klipu nne, lita mbili za mafuta, ufunguo wa 10, 13 na 17, kipimo cha vali. Kondensa usiiache, ni kitu kidogo cha delko kinachokufa bila dalili yoyote.